Puani au kichwani? Mishipa ndiyo huamua

Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye sakafu ya fuvu, swali linalomtoka mshtuko ukishapungua huwa ni lile lile: "Daktari, mtapitia puani au mtanifungua kichwa?" Jibu analolitamani analo tayari. Ameshaona kwenye simu picha ya mgonjwa aliyetolewa uvimbe bila kovu hata moja, na kwao anamkumbuka mtu aliyerudi kutoka hospitali na mshono wa kuanzia sikio hadi sikio. Kwake yeye puani ndiko kwa kisasa, kichwani ni mambo ya zamani, na hospitali inayompeleka kichwani huenda haina vifaa.

Hesabu hiyo inapotosha. Katika upasuaji wa sakafu ya fuvu njia haichaguliwi kwa upya wa kifaa, wala kwa ufupi wa safari, wala kwa kovu litakalobaki. Inachaguliwa kwa kuuliza uvimbe umeisukumia wapi mishipa ya fahamu na ateri. Daktari hutafuta upande ambao, akifika, kitu cha kwanza kukutana nacho ni uvimbe wenyewe, na mishipa imebaki nyuma yake au pembeni. Kanuni yenyewe ni fupi: usivuke mshipa wa fahamu kuufuata uvimbe. Ukiifuatilia fani hii kwa karne nzima iliyopita, utaona kwamba hatua kubwa zilipigwa pale mtu alipoipatia kanuni hiyo mlango mpya, na majeraha mengi yalitokea pale ilipopuuzwa kwa ushujaa au kwa kufuata mkumbo.

Sakafu yenye matundu

Ubongo haukalii mfupa bapa. Sakafu ya fuvu imeshuka kwa hatua tatu. Ya mbele iko juu ya macho na pua. Ya kati imebeba sehemu za ubongo zilizo usawa wa masikio. Ya nyuma, iliyo chini kuliko zote, imebeba ubongo mdogo na shina la ubongo, mahali panapoendesha pumzi, kumeza na kuwa macho. Sakafu yote imetobolewa matundu. Humo hupita jozi 12 za mishipa ya fahamu zinazohudumia pua, macho, uso, masikio, koo na ulimi. Ateri mbili za karotidi hupanda kutoka shingoni, hupenya ndani ya mfupa, hupinda, na kupita ubavuni mwa tezi ya pituitari kabla ya kuingia ubongoni. Tezi yenyewe ina uzito wa takriban nusu gramu, imekaa kwenye kitako cha mfupa katikati kabisa, na milimita chache juu yake mishipa miwili ya kuona inakutana.

Uvimbe mwingi unaoota hapa si saratani. Adenoma za pituitari, meninjioma zinazoota kwenye utando wa ubongo, shwanoma za mshipa wa usikivu: nyingi hukua polepole kwa miaka na hazisambai mwilini. Uvimbe wa namna hiyo ungeota chini ya ngozi ya mkono, ungetolewa asubuhi na mgonjwa akarudi nyumbani mchana. Hapa unapofusha au kuua kwa sababu ya mahali ulipo. Mkaidi zaidi ni kordoma, ambayo hutokana na masalia ya uti wa awali wa kijusi yaliyobaki ndani ya klivasi, mfupa unaoteremka mbele ya shina la ubongo. Nayo hukua taratibu, lakini hula mfupa, na ikiachiwa mabaki hurudi.

Ukubwa peke yake haukuambii upite wapi. Chukua wagonjwa wawili, kila mmoja ana uvimbe wa sentimita tatu. Wa kwanza ana meninjioma iliyoota kwenye ukingo wa kitako cha pituitari na kuinua mishipa ya kuona juu na pembeni. Ukimwingia kutoka chini, kupitia pua, unakutana na mfupa, kisha utando unaoulisha uvimbe damu, kisha uvimbe. Mishipa ya kuona iko upande wa pili na hukuigusa. Wa pili ana shwanoma kwenye kona iliyo kati ya ubongo mdogo na shina la ubongo. Kwake, mshipa unaoendesha misuli ya uso kwa kawaida umesukumwa kwenye uso wa mbele wa uvimbe. Ukija kutoka mbele, utaukanyaga kabla hujauona uvimbe. Ukija kutoka nyuma ya sikio, uvimbe unatangulia na mshipa unakuwa wa mwisho. Ukubwa ni mmoja, milango ni kinyume.

Njia ya pua ilivyokaribia kupotea

Njia ya pua si ya jana. Mwezi Machi 1907, mjini Innsbruck nchini Austria, Hermann Schloffer alitoa uvimbe wa pituitari kupitia pua kwa mara ya kwanza. Ili apate nafasi aliigeuza pua nzima upande mmoja. Mgonjwa alivuka upasuaji, lakini hakumaliza miezi mitatu, na baada ya kifo chake mabaki makubwa ya uvimbe yalikutwa ndani. Miaka mitatu baadaye, mjini Vienna, Oskar Hirsch, aliyekuwa daktari wa pua, alipita ndani ya tundu la pua bila kuupasua uso. Huko Marekani Harvey Cushing alikusanya mbinu za wenzake, akawa anaingilia chini ya mdomo wa juu, na kati ya 1910 na 1925 akawafanyia wagonjwa 231 kwa njia hiyo. Vifo vilikuwa asilimia 5.6. Kwa enzi isiyo na antibiotiki wala steroidi, matokeo hayo yalikuwa ya ajabu.

Kisha Cushing mwenyewe akaiacha. Alikuwa anachungulia shimo refu na jembamba kwa taa ya kichwani, na uvimbe uliopanda hadi kwenye mishipa ya kuona hakuweza kuufuata. Kutoka juu, fuvu likiwa wazi, aliiona mishipa hiyo kwa macho yake. Alipogeuka, karibu dunia nzima ikageuka naye. Njia ya pua ikabaki mikononi mwa watu wa kuhesabika. Norman Dott wa Edinburgh, aliyejifunza kwa Cushing, aliendelea nayo. Gérard Guiot akatoka Paris kwenda kumtazama Dott. Jules Hardy akatoka Montreal kujifunza kwa Guiot. Katika miaka ya 1960 Hardy akaweka hadubini ya upasuaji pale Cushing alipotegemea taa, akaitumia pamoja na eksirei ya papo kwa papo, na njia ikafufuka. Kilichoiokoa ni watu kusimama nyuma ya mabega ya wenzao wakatazama. Vitabu vya Cushing vilikuwepo muda wote huo na havikutosha.

Hadubini huangalia kutoka nje kwa mstari ulionyooka. Endoskopu, bomba jembamba lenye lenzi na mwanga, hulipeleka jicho la daktari ndani kabisa, na ikiwa na lenzi ya pembe huona hata nyuma ya kona. Picha yake ilipata uangavu kutokana na lenzi za umbo la fimbo alizobuni Mwingereza Harold Hopkins mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1997 Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau wa Pittsburgh walichapisha taarifa ya wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji wa pituitari kwa endoskopu. Pale Pittsburgh, na mjini Naples alikokuwa Paolo Cappabianca, madaktari wakaanza kuvuka mipaka ya tezi: mbele hadi juu ya pua, nyuma na chini kwenye klivasi, hadi usawa wa mfupa wa kwanza wa shingo.

Ukiingia thieta siku ya upasuaji wa namna hii utawakuta madaktari wawili mezani. Wa masikio, pua na koo ameshika endoskopu. Wa ubongo ana mikono yote miwili huru, mmoja una kifyonza, mwingine drili. Wote wanatazama skrini. Nyama za puani zimepakwa dawa ya kubana mishipa ya damu, kisha zikasogezwa pembeni. Tundu la sinasi ya sfenoidi, uwazi wenye hewa ulio nyuma kabisa ya pua, linapanuliwa. Ukuta wake wa nyuma unapojitokeza, matuta mawili ya karotidi yanaonekana kushoto na kulia, na kitako cha pituitari katikati. Mfupa husagwa hadi unakuwa mwembamba kama ganda la yai, ukabanduliwa. Kabla ya kukata utando, kipimo cha Doppler huguswa pande zote mbili, na mlio wa damu inayokimbia huwaambia ateri iko wapi hasa. Adenoma nyingi ni laini na hutoka kwa kijiko kidogo cha chuma. Tezi yenyewe ni ngumu zaidi na ina rangi ya manjano inayoelekea chungwa; hiyo haiguswi. Uvimbe ukishatoka, utando mwembamba wa juu hushuka taratibu na kuanza kupiga kwa mapigo ya moyo. Hapo ndipo timu inajua mishipa ya kuona imepata nafasi.

Kilichozuia njia ya pua isipanuke mapema kilikuwa kuziba. Ukitoboa sakafu ya fuvu umeunganisha ubongo na pua yenye vijidudu. Maji ya ubongo huanza kuvuja, mgonjwa huhisi ladha ya chumvi kooni, na homa ya uti wa mgongo hufuata. Katika upasuaji mpana wa miaka ya mwanzo, mgonjwa mmoja kati ya watano au zaidi alivuja. Ufumbuzi ulitoka Rosario, Argentina. Gustavo Hadad na Luis Bassagasteguy waliubandua utando wa ukuta wa kati wa pua ukiwa bado umeshikana na ateri yake, wakaugeuza na kufunikia tundu. Kwa kuwa una damu yake, huota na kuwa sehemu ya sakafu mpya. Taarifa waliyochapisha 2006 pamoja na wenzao wa Pittsburgh ilionyesha kuvuja kumeshuka hadi karibu asilimia 5. Kipande hicho cha utando kilifungua milango mingi kuliko kamera yoyote iliyokuja baada yake.

Toa mfupa, usisukume ubongo

Kwa uvimbe uliokaa pembeni au nyuma, pua haifai, na hapo historia nyingine ilikuwa ikiendelea. Mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya nusu ya waliofanyiwa upasuaji wa shwanoma ya mshipa wa usikivu walikufa. Cushing alipunguza vifo kwa kuutoa uvimbe kutoka ndani na kuliacha ganda lake. Kitabu chake cha 1917 kinaeleza hivyo. Walter Dandy akaonyesha kwamba ganda nalo linaweza kutoka. Hata hivyo, ili wafike kwenye kona ile, madaktari walilazimika kuusukuma ubongo mdogo kwa chuma, na ubongo uliosukumwa muda mrefu huvimba. Waliopona wengi walipona na uso uliopinda, jicho lisilofumba.

Mabadiliko yaliletwa na daktari wa masikio. William House wa Los Angeles, aliyeanza kama daktari wa meno, alikuwa amezoea drili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliiunganisha drili na hadubini, akachimba kupitia mfupa uliobeba sikio la ndani, mgumu kuliko mfupa mwingine wowote wa fuvu, akaufikia uvimbe bila kuusukuma ubongo mdogo. Mshipa wa uso akaukuta mapema, mahali usipopotea, ndani ya mfereji wake wa mfupa. Gharama ilikuwa wazi: njia hii inapita ndani ya sikio, kwa hiyo usikivu wa upande huo unakwisha moja kwa moja. Ndiyo maana hadi leo uvimbe ule ule una milango mitatu. Ambaye sikio limeshakufa anaweza kupitishwa sikioni. Ambaye bado anasikia na uvimbe ni mdogo, anaweza kufunguliwa juu ya sikio. Wengine hufunguliwa nyuma ya sikio. Hakuna ulio bora kwa wote.

Mlango wowote utakaotumika, saa ngumu ni ile ya mshipa wa uso. Kwenye uvimbe mkubwa mshipa huu haufanani tena na uzi. Umetandazwa kwa miaka hadi umekuwa utando mwembamba ambao jicho, hata kwa hadubini, haliwezi kuutofautisha na ganda la uvimbe. Vijisindano vimechomekwa kwenye misuli ya shavu na ya jicho, vimeunganishwa na mashine. Daktari huukomba uvimbe ndani kwanza, kama mtu anavyokomba dafu, mpaka ganda lilegee. Kisha hulikunja kuelekea katikati kidogo kidogo, na kila hatua hugusa mbele yake kwa kijiti chenye umeme hafifu. Mashine ikinyamaza, anaendelea. Ikilia, anasimama. Wakati mwingine kipande cha mwisho kimeshikamana na mshipa kiasi kwamba kukivuta ni kuukata. Daktari mwenye busara hukiacha, akakiandika kwenye ripoti ya upasuaji, na kumwambia mgonjwa.

Wazo la House, kwamba mfupa ndio wa kutolewa ili ubongo uachwe ulipo, lilisambaa. Mjini Zürich, Gazi Yaşargil alizoesha dunia kuingia kwa kusawazisha mfupa ulio nyuma ya jicho na kufuata njia za asili za maji ya ubongo. Vinko Dolenc wa Ljubljana aliingia kwenye mfuko wa vena unaoizunguka karotidi, eneo ambalo wengi walikuwa wameliandika kuwa haliguswi. Takeshi Kawase wa Tokyo alichimba pembetatu ndogo kwenye ncha ya mfupa wa sikio, akaifikia sehemu ya juu ya klivasi bila kuharibu usikivu. Na kule Gainesville, Florida, Albert Rhoton alitumia miongo kadhaa kuchambua vichwa vya maiti chini ya hadubini, akapima kila tundu na kila kona. Madaktari kutoka kila bara walikwenda kukaa kwenye maabara yake. Alifariki 2016, na michoro yake bado hutazamwa usiku wa kuamkia upasuaji mgumu.

Homa ya kutoa chote

Mafanikio hayo yalizaa kishawishi. Mwaka 1957 Donald Simpson alikuwa ameonyesha kwamba meninjioma hurudi kulingana na kiasi kilichoachwa: kwa waliotolewa uvimbe wote pamoja na utando na mfupa ulioathirika, asilimia 9 walirudiwa, kwa walioachiwa sehemu ya uvimbe, asilimia 44. Tarakimu hizo zikawa kama amri. Katika miaka ya 1980 na 1990, drili ikiwa mkononi na ramani ya Rhoton mezani, madaktari walizifuata meninjioma hadi ndani ya mfuko wa karotidi na mbele ya shina la ubongo. Picha za baada ya upasuaji zilikuwa safi. Wagonjwa wengi hawakuwa hivyo. Waliamka wakiona vitu viwiliviwili, au hawawezi kumeza, wakalishwa kwa mpira, sauti ikakauka. Uvimbe uliochukua miaka kumi kuwasumbua kidogo ulikuwa umeondolewa kwa gharama ya maisha ya kila siku.

Kilichowaokoa wagonjwa waliofuata kilitoka kwenye wazo ambalo halikuhitaji kufungua fuvu. Lars Leksell wa Sweden alikuwa amependekeza tangu 1951 kwamba miale mingi dhaifu ya mionzi ikikutanishwa kwenye nukta moja inaweza kufanya kazi ya kisu. Mashine ya kwanza ya wazo hilo, Gamma Knife, ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Teknolojia hiyo ilipoenea, hesabu ikabadilika: daktari anaweza kutoa sehemu inayobana shina la ubongo na mishipa ya kuona, akaacha kwa makusudi kipande kilichoshikamana na karotidi, na kipande hicho kikapigwa mionzi au kikafuatiliwa tu kwa MRI. Kwa shwanoma ndogo hata kusubiri ni tiba. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2023 uliwagawa wagonjwa 100 kwa bahati nasibu. Waliopigwa mionzi mara moja, uvimbe wao kwa wastani ulisinyaa, wakati wa waliosubiri ulikua. Lakini katika usikivu, kizunguzungu na ubora wa maisha, tofauti kubwa haikuonekana baada ya miaka minne.

Kordoma huenda kinyume cha mkondo huo. Hiyo hustahimili mionzi ya kawaida, kwa hiyo kila kinachoweza kutolewa kinatolewa, halafu mabaki hupigwa mionzi ya kiwango kikubwa, mara nyingi ya protoni. Kwa kuwa kordoma ya klivasi kwa kawaida imekaa katikati, na mishipa ya fahamu iko pembeni na nyuma yake, njia ya pua humfaa mgonjwa huyu kweli kweli. Kanuni ni ile ile, jibu ndilo limebadilika.

Leo homa ile ya kutoa chote imepungua, na imekuja nyingine: ya kutoa kila kitu kupitia puani. Inastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Uvimbe uliopita upande wa nje wa karotidi, au uliotambaa juu ya jicho, ukiufuata kutoka puani unavuka ateri na mishipa kwenda kuufuata. Meninjioma iliyo juu ya paa la pua inaweza kutolewa kutoka chini, lakini mgonjwa atapoteza harufu yote, wakati kutoka juu pengine upande mmoja ungeokolewa. Tena ipo hatari ambayo kila mwenye endoskopu anaiota usiku: karotidi kupasuka. Ni nadra, chini ya asilimia moja katika upasuaji wa pituitari, lakini huongezeka kwenye kordoma na uvimbe wa gegedu. Damu huifunika lenzi kwa sekunde, na skrini nzima inakuwa nyekundu. Peter-John Wormald na wenzake wa Adelaide, Australia, walitengeneza mafunzo ya tukio hilo kwa kutumia kondoo, na waligundua kwamba kipande cha msuli kilichopondwa, kikikandamizwa juu ya tundu, husimamisha damu vizuri zaidi. Timu zinazojiandaa siku hizi huosha paja la mgonjwa na kulifunika kwa vitambaa safi kabla ya kuanza, msuli ukihitajika uwe tayari.

Tunachopaswa kudai kwetu

Wagonjwa wa Afrika Mashariki huchelewa kufika, na mara nyingi huchelewea kwenye duka la miwani. Uvimbe wa pituitari unaobana makutano ya mishipa ya kuona hula pande za nje za uoni, huku katikati kukibaki kuzuri. Mtu husoma herufi ukutani bila shida, kisha akagonga fremu ya mlango au asiione pikipiki inayotokea ubavuni. Miwani haitamsaidia. Kupima upana wa uoni kwa vidole tu, jicho moja baada ya jingine, ni kazi ya dakika mbili ambayo kliniki yoyote ya wilaya inaimudu.

La pili ni la dawa. Kabla ya kuuliza njia, ulizia homoni. Uvimbe wa pituitari unaotoa prolaktini, ambao hukatisha hedhi na kutoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha, na kupunguza nguvu za kiume, kwa wengi husinyaa kwa vidonge vya kabergolini au bromokriptini. Kipimo kimoja cha damu kinaweza kumwepusha mtu na kisu. Mgonjwa anayepelekwa thieta kabla prolaktini yake haijapimwa ametendewa isivyo haki, hata upasuaji ukienda vizuri.

La tatu ni timu. Hapa hatuna haja ya kujiona wageni. Kabla Renato Ruberti hajaanza huduma ya upasuaji wa ubongo Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyekuwa akifungua mafuvu pale alikuwa Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo, ambaye pia alichunguza kwa undani saratani ya nyuma ya pua nchini Kenya. Mpaka kati ya fani hizi mbili kwetu ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Leo upasuaji wa kupitia puani unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na katika hospitali kubwa za Nairobi, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina CyberKnife ya mionzi ya nukta. Vifaa vinaanza kufika. Kinachokuja polepole zaidi ni mazoea ya daktari wa pua na wa ubongo kufanya kazi pamoja kila wiki, daktari wa homoni akiwa karibu, na muuguzi anayejua kupima mkojo kila saa. Kazi hiyo ya baada ya upasuaji haipigwi picha. Tezi iliyotikiswa inaweza kumfanya mgonjwa akojoe lita kadhaa kwa siku. Takriban wiki moja baadaye sodiamu ya damu inaweza kushuka ghafla, mgonjwa akiwa ameshasafiri kurudi Kigoma au Lamu. Asipokuwa na namba ya kupiga na mahali pa kupima damu, upasuaji uliofanikiwa unaweza kuishia kwenye degedege.

Mgonjwa na ndugu zake, kwa hiyo, wana maswali manne ya kubeba. Homoni zimepimwa? Mishipa ya fahamu na ateri ziko upande gani wa uvimbe wangu, na kwa nini upande mtakaoingilia ndio ulio salama? Mkikuta uvimbe umeshikamana nazo, mtaacha kiasi gani, na mabaki yatashughulikiwa vipi? Nikirudi nyumbani, nani atapima damu yangu? Daktari anayeweza kuweka MRI ukutani, akakuonyesha mishipa hiyo kwa kidole na kukueleza kwa nini anaingia upande huo, msikilize, awe anapita puani au nyuma ya sikio. Anayeanza kwa kukusifia kamera, mrudishe kwenye swali la pili.